Aliyeagwa

Kwa miaka miwili Truphena alimhurumia jirani yake Apolot, na huruma ile ilikuwa na utamu fulani ndani yake, ingawa hilo asingelikiri hata mbele ya kasisi.

Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa michongoma, nje kidogo ya Malaba, kwenye barabara ya kwenda Angurai. Truphena alikuwa Mmarachi aliyeletwa huko na ndoa. Apolot alikuwa Mteso wa papo hapo. Waliolewa miaka inayokaribiana, wakazaa pamoja, wakaanza kuota mvi pamoja. Callistus, mume wa Truphena, alikuwa karani wa mizigo pale mpakani hadi alipostaafu. Etyang, mume wa Apolot, alikuwa fundi wa kuchomelea matela ya malori, mtu mwenye mikono mikubwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya mto. Kisha saratani ya tezi dume ikamlaza.

Kila Jumanne na Ijumaa Truphena alivuka ua na birika la uji wa wimbi. Alimkuta Apolot akifua mashuka, au akimgeuza mgonjwa, au akipima dawa ya maji ya kutuliza maumivu, ambayo ilitolewa kila baada ya saa nne, mchana na usiku. Wakati mwingine Callistus alifuatana naye. Wakirudi nyumbani mzee alikuwa akitikisa kichwa.

"Mimi siku yangu ikifika niende mara moja," alisema. "Puu, kama mti. Nisikusumbue na mabeseni."

"Amina," Truphena alimjibu, na alimaanisha.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne Callistus aliacha lango wazi, na mbuzi wa watu wakaingia wakala mistari mitatu ya sukuma. Truphena aliiona saa mbili asubuhi. Mume wake alikuwa tayari amevaa koti. Ingawa alikuwa amestaafu miaka kumi na moja, bado alienda mpakani kila siku kupiga soga na madereva waliokwama kwenye foleni.

"Nilikuambia ufunge lango."

"Nilidhani nimefunga."

"Unadhani, unadhani! Nenda huko kwa malori yako. Ukiwa hapa, usipokuwa hapa, kazi yangu ni ile ile."

Callistus alichukua kofia yake, akasema atarudi kula saa nane. Truphena alikuwa ameinama akiinua mabua yaliyokanyagwa, na hakumjibu.

Saa tano simu yake ililia. Ilikuwa namba ya Callistus, lakini sauti haikuwa yake.

"Mama, samahani. Wewe ndiye umeandikwa hapa 'Nyumbani'?"

"Ndiyo. Wewe ni nani?"

"Mimi ni dereva tu, nimepaki hapa kwa foleni. Mzee ameanguka. Kuja haraka, mama."

Alipofika, uso wa Callistus ulikuwa umefunikwa kwa leso ya mwanamke muuza ndizi ambaye Truphena hakuwahi kumwona. Daktari alisema baadaye kwamba ni moyo. Dereva, kijana wa Kitui mwenye aibu nyingi, alisimulia mara tatu, kwa sababu Truphena alimuuliza mara tatu. Walikuwa wanaongea habari za barabara ya Eldoret, mzee akacheka, akainama kama mtu anayeokota kitu, akalala.

"Hakusema neno? Hata jina la mtu?"

"Hapana, mama. Alikuwa anacheka."

Apolot alimwacha mgonjwa kwa binti yake Vivianne, akaja. Alilala mkekani ubavuni mwa Truphena siku nne za matanga. Alimwogesha, alimlisha, na Gentrix, binti mkubwa wa Truphena, alipozimia kaburini, ni Apolot aliyembeba mgongoni kama mtoto mchanga. Watu wa Malaba walisema ndugu wa tumbo moja wasingefanya zaidi.

Wiki ya pili baada ya maziko, Truphena alichukua birika lake la uji akavuka ua kama zamani. Apolot alimwinua Etyang, akamweka mto mgongoni, akaanza kumlisha. Truphena alikaa kwenye kigoda akimtazama mgonjwa akimeza. Kijiko cha kwanza. Cha pili. Cha tano. Wazo likamjia, nalo lilikuwa na ncha: kwa nini huyu, ambaye kijiji kizima kilikuwa kimeshamngoja, bado anakula uji, na yule aliyeondoka na kofia kichwani amelala chini?

Siku ile alirudi nyumbani mapema. Jumanne iliyofuata alisema mguu unamuuma. Ijumaa pia mguu ulimuuma. Mguu ukaendelea kumuuma hadi Etyang alipokufa, mwanzoni mwa mwezi wa sita.

Walimzika kwao Angurai. Truphena alienda; asingeweza kukosa. Aliketi mstari wa pili kati ya akina mama wa kanisa, na Apolot aliposimama kusema, shuka jeusi likiwa limemfunika mabega, watu wote walinyamaza.

Apolot hakulia. Alisema kwamba Jumapili kabla ya kifo, Etyang aliomba aketishwe akitazama dirisha. Aliita watoto mmoja mmoja, na walio mbali wakapigiwa simu, na kila mmoja alimpa neno lake. Vivianne aliambiwa asiache shule ya uuguzi. Kijana wa mwisho aliambiwa aache kulewa. "Halafu akanishika mkono," Apolot alisema. "Akaniambia, 'Apolot, umenibeba. Sasa nitue.' Nami nikamtua."

Kilio kilipasuka pande zote za hema. Mama mmoja karibu na Truphena alijitupa chini. Truphena alikaa wima. Kitu kilikuwa kimewaka ndani ya kifua chake, na alipokichunguza aliona si huzuni. Aliwahi kuonja wivu zamani, wakati Callistus alipokuwa kijana mtanashati na kulikuwa na msichana mmoja wa posta. Lakini ule wa posta ulikuwa kama upele tu, unakunwa unaisha. Huu haukukunika. Apolot alikuwa amepewa miaka miwili. Alikuwa amepewa Jumapili nzima, dirisha, mkono, na maneno ambayo mtu anaweza kuishi nayo hadi uzeeni. Yeye alipewa sauti ya dereva.

Ikawa mbaya zaidi watu walipopanga mstari kumpa mjane mkono. "Mama Vivianne, umefanya kazi yako," walimwambia. "Umemaliza mwendo naye." Truphena alikumbuka walichomwambia yeye mwezi wa nne: pole, ni mapenzi ya Mungu, kumbe mtu si kitu. Hakuna aliyemwambia amefanya kazi yake. Kazi gani?

Jioni ile akina mama walikuwa nyuma ya jikoni wakiosha sufuria. Brendah, kiongozi wa umoja wa akina mama, alipumua akasema, "Huyu Apolot amebarikiwa jameni. Kuagwa namna hiyo! Wangapi wanapata?"

Truphena alikuwa akisugua sufuria ya wali kwa majivu. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, taratibu, kama mtu anayesikitika:

"Mengine ni ya kusemwa kaburini. Mimi nilikuwa naingia ile nyumba. Siku moja nilikuta mzee analia kwa uchungu, chupa ya dawa iko mezani, na mke ameketi nje anabambua njugu. Akaniambia, 'Mwache alie kidogo.'"

Mikono ya akina mama ilisimama ndani ya maji.

"Haki ya Mungu?" Brendah aliuliza.

"Siongezi neno."

Lakini alikuwa ameongeza. Siku ile ya njugu ilikuwepo kweli. Etyang alikuwa akigumia ndani, na Apolot alikuwa ameketi nje, macho mekundu, akibambua njugu bila kuzitazama. Alichosema ni hiki: "Dawa amekunywa sasa hivi, Mama Gentrix. Ngoja ishike. Acha nipumue kidogo." Truphena alikumbuka kila neno. Ndiyo maana aliweza kuyapinda vizuri.

Neno lile halikukaa nyuma ya jikoni. Kufikia wiki ya pili lilikuwa limevaa nguo nyingine: Apolot alimnyima mume dawa kwa makusudi. Kufikia wiki ya tatu alikuwa amemnyima hata chakula. Likamfikia Omuse, kaka mkubwa wa Etyang, na Omuse akaita kikao cha ukoo. Kulikuwa na wazee waliosema kwamba mwanamke wa namna hiyo asikanyage tena boma la Angurai, na siku yake ikifika asilazwe kando ya mume wake.

Apolot alivuka ua Alhamisi asubuhi. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imemtoka.

"Mama Gentrix, umesikia wanavyonisema?"

"Nimesikia," Truphena alijibu.

"Jumamosi wananiita Angurai. Sina mtu. Vivianne wanasema ni mtoto wangu, lazima anitetee. Lakini wewe ulikuwa unaingia kwangu kila wiki. Wewe ndiye uliona. Twende, uwaambie tu ulichoona."

Truphena alitazama mikono ya rafiki yake, ngozi imechubuka kwa sabuni ya miaka miwili. Angesema mguu unamuuma. Neno lilifika mdomoni.

"Nitakuja," alisema.

Siku mbili zile hakula vizuri. Alijipangia la kusema: atamsafisha Apolot, atasema dawa ilitolewa kwa saa zake, atakaa chini. Aliyeanzisha uvumi hatajulikana. Mambo yatapoa.

Kikao kilikaa saa sita mchana mbele ya nyumba ya Omuse, watu kama ishirini kwenye viti vya plastiki. Omuse alikuwa mzee mpole mwenye fimbo, na ilionekana hakufurahia kazi aliyokuwa nayo.

"Hatukuja kugombana," alisema. "Lakini maneno yakilala ndani ya boma yanaoza. Tumeambiwa ndugu yetu alikuwa analia na dawa iko mezani. Mimi kwa miaka miwili nilimtembelea mara tatu tu, na hilo litanisumbua mpaka nife. Sikuona. Kwa hivyo nauliza."

"Aliyeona yuko hapa," Apolot alisema. "Mama Gentrix, waambie."

Truphena alisimama. "Apolot hakumnyima mume wake dawa. Wala chakula. Nilikuwa naingia mle ndani, najua."

Omuse alimtazama kwa mshangao. Aliegemea fimbo yake. "Lakini mama, nisamehe. Tuliambiwa aliyeona ile siku ya njugu ni wewe mwenyewe."

Apolot aligeuka. Truphena akaona usoni mwake jinsi jambo lile lilivyoingia, kwanza kama neno la lugha ngeni, kisha likaeleweka.

Angeweza kukana. Brendah hakuwepo, na neno la mjane wa miaka sitini na sita lingeaminiwa. Lakini uso ule ulikuwa ule ule uliomwinamia mkekani siku nne.

"Nilisema," Truphena alisema. "Na nilisema uongo. Siku hiyo alikuwa ameshampa dawa. Aliniambia anangoja ishike. Mimi nikageuza maneno."

"Kwa nini?" Omuse aliuliza, na hakuuliza kwa ukali.

"Wivu."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, kama anayekohoa. "Wivu wa nini? Wa marehemu?"

"Mume wake alimuaga," Truphena alisema. "Wangu hakuniaga. Mimi sikuweza kuvumilia hilo."

Bibi mmoja mzee alinong'ona kitu kwa Kiteso, na waliokuwa karibu wakaitikia kwa vichwa. Truphena alielewa wanadhani msiba umemgusa akili. Omuse alivua kofia, akamwendea Apolot, akamwomba msamaha kwa niaba ya ukoo mbele ya wote, akasema nafasi kando ya Etyang ni yake na hakuna atakayeigusa. Apolot alimshukuru. Kisha alichukua mkoba wake akaenda barabarani kutafuta pikipiki, peke yake.

Jumapili Truphena alisimama kanisani kwenye kikao cha akina mama, akarudia yale yale. Brendah alikasirika kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyebeba neno mbali zaidi. Gentrix alipiga simu kutoka Kisumu: "Mama, ni kweli? Yule mama alinibeba mgongoni, na wewe..." Hakumaliza. Pale uani pakawa kimya. Asubuhi Truphena alimsikia Apolot akifagia upande wa pili, akasikia kikohozi chake, akasikia redio yake. Mara moja walikutana dukani, na Apolot akapisha njia kama anavyompisha mgeni.

Usiombe kuishi na wivu uliokwisha kujulikana na watu. Ule uliofichwa angalau una kiburi. Truphena aliona haya, na chini ya haya, wivu bado ulikuwepo, haujapungua hata kidogo. Akifumba macho aliliona lile dirisha na ule mkono.

Mwezi wa nane, mahindi yalipovunwa, siku moja mchana alivuka ua bila birika wala zawadi. Apolot alikuwa ameanika mahindi kwenye turubai, akiyageuza kwa mguu.

"Umekuja kufanya nini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kukuomba msamaha. Kule niliwaomba wao. Wewe sijakuomba."

"Basi umeomba."

Truphena hakuondoka. Alisema, "Siku ile Callistus anatoka tuligombana kwa sababu ya mbuzi walioingia shambani, nikamwambia akiwa hapa, asipokuwa hapa, kazi yangu ni ile ile. Akaniaga, akasema atarudi kula saa nane. Sikumjibu. Hilo sijamwambia mtu, hata Gentrix."

Mguu wa Apolot ulisimama katikati ya mahindi. Lori moja likaunguruma barabarani likapita, ndipo akasema:

"Hakuniambia nimtue."

"Nini?"

"Etyang. Watoto aliwaita kweli, hiyo Jumapili. Lakini mimi hakunijua tena. Siku kumi za mwisho alikuwa ananiona mwizi. Nikimwinua alinisukuma. 'Toa huyu mwanamke, amekuja kuiba.' Uji alinitemea usoni. Vivianne ndiye alikuwa anamlisha, mimi nikajificha nyuma ya pazia ili nimwone akila. Amekufa akiniogopa, Mama Gentrix. Miaka arobaini na moja." Alifuta uso kwa kiganja. "Sasa nisimame mbele ya watu niseme hivyo? Nilisema alichopaswa kusema. Angekuwa na akili zake, angesema."

Truphena aliinama akarudisha punje mbili zilizoruka nje ya turubai.

"Na mimi nilikuonea wivu wewe," Apolot aliendelea, sasa kwa hasira. "Mkekani pale nimelala kando yako, nikasema moyoni, huyu mwenye bahati. Wake ameondoka anacheka. Ameondoka anajua nyumbani ni wapi, mpaka kwa simu ameandika. Lakini mimi wivu wangu niliumeza. Nilikuogesha nao ndani ya tumbo. Sikwenda kuuosha na sufuria za watu."

"Ni kweli."

"Ugomvi wa mbuzi ni wa mke na mume. Angerudi saa nane mngeumaliza kwa sahani. Hayo si maneno ya kuaga, ni maneno ya Alhamisi tu."

Truphena alikuwa akilia sasa, bila kujificha. Na kwa sababu alikuwa ameamua kutodanganya tena, alisema lile ambalo lilikuwa bado limekwama: "Hata hiyo ningeitaka. Aniite mwizi. Anitemee uji. Lakini niwepo."

Apolot alimtazama kana kwamba atampiga. "Hujui unachoomba," alisema.

"Sijui. Lakini ningeitaka."

"Mimi hiyo yako ningeichukua leo."

Wakasimama hivyo, kila mmoja akiutamani msiba wa mwenzake, na hakuna aliyeweza kubadilishana. Upepo ulianza kuvuma kutoka upande wa Uganda, ukiwa na harufu ya vumbi lililolowa. Wingu lilikuwa limeshafika juu ya mpaka, jeusi, na matone ya kwanza yakagonga mabati ya nyumba.

"Mahindi!" Apolot alisema.

Waliinama pamoja. Kila mmoja alishika pembe mbili za turubai, wakalikunja, wakaliburuta hadi ukumbini, wakihema, mahindi yakimwagika nyuma yao. Apolot alitoka tena na ufagio kuokoa yaliyobaki, na Truphena akamfuata na karai. Walirudi ndani wamelowa.

"Sijakusamehe," Apolot alisema akikamua shuka lake mlangoni.

"Najua."

"Nasema ujue. Usije ukafikiri."

"Sifikirii."

Apolot aliingia chumbani, akarudi na taulo, akalitupa juu ya kiti kilichokuwa karibu na Truphena. Mvua ilinyesha hadi saa kumi na mbili. Truphena hakuweza kuondoka, na Apolot hakumwambia aondoke.